Anwani ya Jana

Mama aliteleza uani akaumia mguu. Mimi nilikuwa kazini Faza, yeye yuko Lamu peke yake, na alikaa chini muda mrefu kabla jirani hajamsikia. Alipopona nikasema lazima niwe namuona. Nikatafuta fundi, akafunga kamera juu ya ukuta wa ua, pale mama anapopika na kukaa kichwa wazi.

"Na wangine nao hawaoni?" mama alimuuliza.

Fundi akacheka. Akaeleza kwamba ruta, kile kijisanduku cha intaneti, ina ukuta wake wa ulinzi, wa nje hapiti. Yeye angefungua mlango mmoja tu, na atakayebisha hapo kwa namba ya anwani yetu ya intaneti apelekwe kwenye kamera. Namba na neno la siri akaviweka kwenye simu yangu. Mama hakucheka, na mimi, kusema kweli, sikumpenda yule bwana tangu siku hiyo.

Shida ikawa ile anwani. Umeme ukikatika na kurudi, kampuni ya intaneti hutupatia namba nyingine, nami hubaki na kioo cheusi mpaka fundi aende kwa mama, asome mpya, anitumie. Wiki moja alikwenda mara tatu. Mtu gani asiyechoka kupanda ngazi za watu? Nikaanza kuamini anaikata intaneti mwenyewe, na kwamba akiwa kwake hukaa akimtazama mama yangu. Nikampigia simu nikamtukana.

"Bwana, mimi nami nina mama," alisema kwa upole.

Upole wake ukanizidishia shaka.

Asubuhi moja umeme ulikatika ukarudi, na sikutaka kumpigia. Kwa ubishi tu nikajaribu namba ya jana. Ikafunguka.

Ua haukuwa wetu. Mwanamke nisiyemjua, amejifunga leso kifuani, alikuwa anasuuza nywele kwenye ndoo. Nikadhani macho yangu yananidanganya, nikatazama tena. Hilo la kutazama tena ndilo linaloniaibisha. Nikasema astaghfirullah, nikaizima simu.

Nilipompigia fundi, akakiri kwamba namba hizo huzunguka baina ya wateja wa kampuni pale mjini, na kwamba nyumba zote alizofunga kamera amezifungulia mlango uleule, kwa neno la siri lilelile, ili asisahau.

Siku hiyohiyo nilipanda boti kwenda Lamu. Nikasimama nyuma ya fundi mpaka akaufunga ule mlango wa ruta, nikamtuma akafunge na ya wenzetu. Kamera nikaing'oa mwenyewe. Kisha nikamweleza mama yote, hata yule mwanamke.

Mama alivuta leso yake kichwani.

"Na mimi," akauliza, "nimeonwa ni mato ya nani?"

Nimemwapia kwamba hakuna tena anayeona. Lakini mpaka leo mama hupika katika ua wake mwenyewe amevaa buibui.