Benchi la Namgidde

Haya hamtayaamini, na siwalaumu. Mimi nilikuwepo, na bado najifinya nione kama siko ndotoni.

Mjini kwetu mtu akitaka cheo huahidi jengo. Husimama uwanjani mbele ya baraza, hutamka, karani huandika. Ahadi ikishaandikwa haifutiki. Ukifa, watoto wako watajenga.

Mwaka ule tajiri Faustino aliahidi hekalu zima ili apewe ukuhani. Umati ukalipuka kwa shangwe, na shemeji yangu Gudulo, mwendesha nyumbu, mori ukampanda. Alimkumbuka mkewe, dada yangu Namgidde. Magoti yalishamkataa, akirudi chemchemini na mtungi huketi vumbini mara tatu, kama kuku mgonjwa.

"Na mimi naahidi benchi la mawe!" Gudulo akapaza sauti. "Pale kwenye mpando wa chemchemi!"

Watu wakacheka. Karani hakucheka. Aliandika.

"Mume wangu, umelewa?" Namgidde akamuuliza nyumbani. "Benchi kwa hela zipi? Tuna nyumbu mmoja, naye anakohoa."

"Nimeshasema, mama."

"Basi rudi ukaseme umekosea."

"Hakuna kurudi."

Ikapita miaka miwili. Kila jioni Gudulo alipanda machimboni, akachagua mawe yaliyokataliwa na mafundi wa hekalu, akayateremsha mgongoni, maana yule nyumbu angekufa njiani. Namgidde naye akaanza kutembelea fimbo. Hilo ndilo lililomtisha Gudulo: benchi liishe, na mwenye kulikalia awe hatoki tena mlangoni.

Likaisha kabla ya mavuno ya zeituni. Mchonga maandishi alipofikia yale maneno yanayochongwa kwenye kila jengo la ahadi, "kwa mali yake mwenyewe", akaweka patasi chini.

"Mzee, mali gani?"

Gudulo akakuna kichwa. Aliyejibu ni Namgidde, aliyepanda hadi pale kamshika mumewe mkono.

"Andika: kwa mgongo wake mwenyewe."

Kisha akaketi, akanyoosha miguu, akafumba macho.

"Pana ubaridi," akasema. "Pazuri."

Hapo sasa ndipo Gudulo alipoangusha karamu ambayo mji haujapata kuiona: kondoo kumi na wawili, divai mapipa kwa mapipa, na liwali mwenyewe kutoka Karthago akashuka farasini, akalia machozi mpaka joho lika—

"Shemeji," akasema Gudulo, akichungulia begani kwangu ninapoandika, "kondoo gani? Zilikuwa tini, kikapu kimoja. Na aliyelia pale ni wewe."