Mbwa Niliyemwacha Kibondo

Nilipopata kazi ya ujenzi Kasulu, watu wa kunitunzia mbwa walikuwa wawili. Jirani yangu, mama mmoja mjane, aliniuliza maswali mpaka nikachoka. "Anakula nini? Anauma? Akiugua nimpeleke wapi? Na unarudi lini, maana wewe ukisema wiki mbili tunakuona masika!"

Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari hakuuliza lolote. Alimpapasa mbwa shingoni, akasema, "Huyu ni wangu tayari. Nenda, ndugu yangu."

Nikamchagua asiyeuliza. Kwetu, watu wanaokunywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja hawawekeani masharti. Kumwambia "mpe maji, usimfunge kamba" ingekuwa sawa na kuufuta mrija alioutoa mdomoni kabla sijaunywea mimi. Ni tusi. Nikanyamaza, nikaondoka.

Nimeishi Gwarama, nikahamia Murungu, kisha Kibondo, na kote huko aliyenifuata bila kutaka kujua tunakwenda wapi ni mbwa yule. Kwa hiyo kila Jumapili nilipiga simu.

"Yupo, ananenepa," rafiki yangu alijibu. "Siku hizi baba yake ni mimi."

Nilicheka, nikarudi kwenye zege nikiwa na moyo mweupe.

Mwezi wa tatu tangu niondoke, fundi alinituma Kagerankanda kuulizia mbao. Nikipita kando ya shamba la mahindi nilisikia mbweko ninaoujua. Alikuwa amefungwa kwenye kisiki ili afukuze nyani. Mbavu zilihesabika, na kamba ilikuwa imemla manyoya ya shingo. Sikio la kushoto lilikuwa na pasuko lake lilelile.

Mwenye shamba, mwanamke wa makamo, hakuwa na la kuficha. "Alinipa shemeji yangu wa Kibondo. Alisema mwenye mbwa amehama, hamtaki."

"Lini?"

"Tulikuwa tunapanda."

Wakati wa kupanda ndipo nilipoondoka. Jumapili zote zile, mbwa alikuwa hapa.

Nikapiga simu nikiwa nimesimama palepale.

"Mbwa wangu hajambo?"

"Hajambo kabisa. Amelala hapa mlangoni."

Mbwa akabweka.

"Na huyo anayebweka huko ni wa nani?" akauliza.

"Ndiye huyo aliyelala mlangoni kwako."

Akasema, "Lakini ndugu yangu, si mbwa tu?"

Mwenye shamba mwenyewe alimfungua mbwa, akiniomba radhi. Nilimwita. Alikuja, akaninusa viatu, halafu akarudi kukaa mahali kamba ilipokuwa ikiishia. Nilikaa chini pale kwenye udongo karibu naye mpaka alipokubali kuondoka.

Siku hizi nikisafiri namwachia mama jirani, na maswali yake nayajibu yote. Rafiki yangu bado huniita kwenye chungu cha pombe, nami huenda. Mrija ukinifikia kutoka kwake, naufuta kwanza, mbele ya watu wote.