Mkia wa Punda na Ndoo ya Deki

Siku aliyomwona binti yule kwa mara ya kwanza, mpiga deki alianza kwa kumkanyaga. Alikuwa akipiga deki ukumbi mkubwa, anarudi nyuma kama kawaida yake, mgongo umetangulia na macho yakiwa kwenye sakafu iliyolowa, kisigino kikatua juu ya kitu laini.

"Mjomba," kitu kile kikasema kutoka chini, "hapo ni kwenye vidole vyangu."

Aliruka kando kama aliyekanyaga kaa la moto.

Wenzake kazini walimwita Kinyumenyume. Jina alilipata kwa ajili ya deki, maana hakukubali nyayo zake zichafue pale alipokwisha kusafisha, lakini lilimkaa vizuri zaidi kwa sababu ya haya zake. Hata akiitwa ofisini, akishajibu "sawa, mkubwa," hurudi nyuma vilevile mpaka mgongo uguse mlango. Masomo yake yaliishia shule ya msingi, na mbele ya watu waliosoma ulimi wake huwa mzito kama tambara lililolowa.

Chini ya meza alimkuta binti wa sekondari, yuko ndani ya sare, viatu kavua, kalala chali anatazama dari.

"Umeanguka, mwanangu?"

"Hapana. Shikamoo. Natafuta upepo unatokea wapi."

"Marahaba," akasema Kinyumenyume, na yeye akajikuta anatazama dari. Miaka yote aliyofanya kazi mle ndani hakuwahi kuutafuta upepo. Aliuhisi shingoni tu, ukimwambia kwamba viyoyozi vimewashwa na wageni wanakuja.

Wageni wenyewe walikuwa wa fainali za sayansi za taifa. Wanafunzi walikuwa wametoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na meza yake na chombo chake. Kipaza sauti kilikwisha kutangaza sheria: siku hiyo ya kwanza waamuzi watapita meza kwa meza, na jioni nusu ya wanafunzi watafunga virago warudi kwao. Nusu nyingine watalala, waendelee kesho.

Juu ya meza ya binti kulikuwa na sanduku la mbao lenye kioo mbele. Ndani yake ulining'inia unywele mmoja mrefu mweusi, mwisho wake umefungwa kijiwe. Unywele ulipita kwenye kigurudumu kidogo, na kigurudumu kilibeba mshale wa bua. Nyuma ya mshale palikuwa na karatasi iliyochorwa jua upande mmoja na wingu upande wa pili.

"Hiki ni nini?" Swali lilimtoka Kinyumenyume kabla haya hazijaamka.

"Kipima unyevu," alisema binti, akitoka chini ya meza. "Unywele huu ni wa mkia wa punda. Mama mdogo anabeba maji kwa punda, na punda mwenyewe hakuombwa ruhusa. Hewa ikiwa na unyevu, unywele unarefuka, mshale unakwenda kwenye wingu. Hewa ikikauka, unafupika, mshale unakwenda kwenye jua. Mama ni dobi. Kila siku ananiuliza, nianike au nisianike? Sasa hamuulizi mtu, anauliza punda."

"Na sasa unasemaje?"

Binti aligonga kioo kwa kidole. Mshale ulikuwa umelipita jua na kugonga msumari wa pembeni, umelala hapo haujitingishi.

"Tangu tufike uko hivyo," alisema. "Nyumbani hauishi kutembea. Hapa umekufa."

Mwalimu wake alikuwa amesimama kando, mtu mfupi aliyekuwa akijifuta jasho kwenye baridi ile. "Nilimwambia tulete mfano wa volkano," alimlalamikia Kinyumenyume, kana kwamba walifahamiana zamani. "Volkano haijawahi kumwaibisha mtu. Shule yetu haijawahi kufika hapa. Jioni hii tukirudi na sanduku la punda, nitamwambia nini mkuu wa shule?"

Kwenye meza ya jirani vijana wawili walikuwa wakiitembeza roboti yao yenye taa. Mmoja alicheka. "Mkia umefika fainali. Punda mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kazini," alijibu binti bila kugeuka. "Yeye kazi ni kubeba. Kelele kawaachia nyie."

Kinyumenyume aliuma mdomo asicheke. Akarudi kwenye ufagio wake wa deki, akaizunguka meza taratibu na maji yenye mvuke, maana doa la gundi lililokuwa pale halikutoka kwa maji baridi. Alikuwa karibu kumaliza aliposikia ukelele.

"Mjomba, simama! Hapana, usisimame! Endelea!"

Mshale ulikuwa umeuacha msumari. Si sana, unene wa ukucha tu. Binti alibandika pua kwenye kioo, kisha akaitazama ndoo, akatazama dari, akairudia ndoo.

"Kumbe!" alisema polepole. "Kumbe haujafa."

Kabla hajaeleza, msimamizi wa ukumbi alifika. Wafanyakazi walimwita Kengele, kwa sababu husikika kabla hajaonekana. "Ndoo nje! Deki nje! Waamuzi wako mlangoni! Mara ngapi nimesema mgeni haoneshwi uchafu wala anayeusafisha?"

"Sawa, mkubwa," alisema Kinyumenyume, akarudi nyuma na ndoo yake mpaka nyuma ya pazia la jukwaa. Lakini siku ile hakwenda zake kama siku nyingine. Alifungua upenyo mdogo wa pazia, akachungulia. Alitaka kujua.

Mwamuzi aliyefika kwenye meza ile alikuwa mama mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani. Aliivaa, akachungulia sandukuni.

"Mshale wako umelala, mwanangu."

Mwalimu alifumba macho.

"Ndiyo, mama. Kosa ni langu," alisema binti. "Alama hizi nilizichora nyumbani, kwenye banda la kufulia. Kule mvuke unaanza alfajiri, nguo mbichi ziko juu ya vichwa vyetu mpaka usiku. Nilidhani hewa ya kwetu ndiyo hewa. Leo ndiyo nimejua kwamba sisi tunaishi ndani ya wingu."

Mama mwamuzi alitabasamu, lakini tabasamu halikumzuia kuuliza. "Maneno matamu. Nitajuaje kwamba ni hewa, si chombo kibovu?"

Binti aligeuka huku na huku. Macho yake yakaangukia kwenye pazia, kwenye upenyo, kwenye jicho moja lililokuwa pale.

"Mjomba! Njoo na maji ya moto!"

Ukumbi mzima ukageuka. Kinyumenyume alihisi macho yale kama viyoyozi vyote vimeelekezwa shingoni mwake. Karibu na mlango alimwona Kengele akitikisa kichwa: thubutu! Nyuma yake ulikuwapo mlango mdogo, na mgongo wake uliujua vizuri. Lakini ndoo ikijaa maji ya moto haibebwi kinyumenyume, utajiunguza. Akaijaza maji ya moto kutoka birika la umeme, akainyanyua, akaja nayo kwa mbele, katikati ya watu, akiwa ameinamisha kichwa.

"Iweke chini ya meza," binti alimwambia. "Asante. Sasa tusubiri, unywele una uvivu kidogo."

Walisubiri. Vijana wa roboti wakazima taa zao, wakasogea. Mvuke ukapanda, kioo kikaota ukungu. Mama mwamuzi akapiga magoti kwenye sakafu ileile iliyolowa ili aone vizuri. Mshale ukatetemeka, ukaachana na msumari, ukalirudia jua, ukalipita, ukaanza safari ya kwenda kwenye wingu.

"Unakwenda!" alipaza sauti kijana aliyemcheka punda.

"Ondoa ndoo," aliamuru mwamuzi. Kinyumenyume akaiondoa. Baada ya kitambo mshale ukaanza kurudi, taratibu, kama mzee anayepanda ngazi. Mwamuzi aliinuka na magoti yaliyolowa, hakuyafuta. "Na nywele za mtu, je? Zingefanya hivyohivyo?"

"Sijui, mama," alisema binti, na uso ukang'aa kuliko alipokuwa na jibu. "Zako naweza kuzijaribu?"

Mwalimu alifumba macho tena. Mama mwamuzi alicheka mpaka miwani ikaanguka kifuani, akang'oa unywele mmoja akampa.

Waamuzi walipokwenda kula, Kinyumenyume alikuja kukausha chini ya meza. Binti alimtazama akikamua tambara.

"Mjomba, kuna kitu wewe umewahi kutaka kujua?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alitazama kama Kengele yuko karibu, kisha akanong'ona: kona ya kushoto ya jukwaa. Ukumbi wote hukauka, ile hubaki na unyevu. Bomba halipiti, paa halivuji. Miaka yote anajiuliza, hajamwambia mtu, wasije wakamcheka.

Binti hakucheka. Alilibeba sanduku mpaka kwenye kona, akakaa chini pamoja naye. Mshale ukasogea upande wa wingu. Aligusa ukuta, akaunusa, akauwekea sikio. "Ajabu," alisema, akamtazama Kinyumenyume kwa heshima, kama mtu aliyemletea zawadi.

Jioni kipaza sauti kilipoitaja meza yake kati ya wanaobaki, mwalimu alimkumbatia mtu wa kwanza aliyemwona, naye alikuwa Kengele.

Kengele hakusahau ile ndoo. Kesho yake alimpeleka Kinyumenyume kusafisha ofisi za ghorofani, na makofi ya mwisho aliyasikia kupitia sakafu, asijue ni ya nani. Alipotelemka, meza zilikwisha kukunjwa.

Kwa hiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwa binti ni yale ya jioni ya kwanza, basi la kuwapeleka wanafunzi kulala likiunguruma nje, binti amekumbatia sanduku, akirudi mbio kutoka mlangoni mpaka pale Kinyumenyume alipokuwa akipiga deki.

"Mjomba, swali lako bado sijalipatia jibu. Litunze, usimpe mtu mwingine."