Bastola Kati ya Magauni

Jumanne, tarehe 17 Juni 2008, katika jengo la maduka ya nguo la Barabara ya Zhanqian, nilimkabidhi muuzaji karatasi isiyo yake. Sisi wanunuzi wageni tusiojua Kichina tulikuwa na desturi ya kuchora gauni tunalolitaka na kumwonyesha muuzaji. Faili langu lilikuwa na michoro hiyo, pamoja na kurasa za marehemu mume wangu, fundi wa silaha za kale katika jumba la makumbusho. Nilikuwa nikizinakili kwa mwandiko safi ziwe kitabu, lakini michoro yake sikuwa nimeinakili bado. Nilimpa mchoro wa bastola.

Siku hizo msako wa pasipoti ulikuwa kila kona. Mlinzi wa jengo hakukawia kuleta askari, naye akachukua faili lote na pasipoti yangu. Mfanyabiashara wa Zanzibar aliyejua Kichina akajitolea kutufasiria.

"Mama, wenzio wanachora magauni, wewe unachora bastola. Nimwambie ni kichezeo cha wajukuu?"

"Usimdanganye, mwanangu. Mwambie ni historia."

"Historia haina muhuri, mama, na askari hutaka muhuri."

"Basi fasiri kila neno."

Nilianza sekondari nikiwa na miaka arobaini na mmoja, sikuogopa kujieleza mbele ya watu. Kazi ya mume wangu nisingeikana. Nikaomba mkasi wa muuzaji, nikatia kidole katika tundu la mpini. Bastola hizi za Austria, nikaeleza, za miongo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, ziliendeshwa kwa kidole ndani ya pete. Ukisukuma pete mbele, chuma kinachofunga mtutu hurudi nyuma na springi hupandisha risasi. Ukivuta, chuma huiingiza risasi na kufunga. Ukimalizia kuvuta, hulipuka. Uchafu kidogo tu, kidole hakiwezi. Zikaja bastola zinazojipakia kwa nguvu ya mlipuko wenyewe, hizi zikasahaulika.

Askari akausukuma mkasi, akauvuta.

"Anasema kidole chake kingechoka."

"Mume wangu aliandika hivyo hivyo, ukurasa wa tisa."

Alinirudishia pasipoti na faili, lakini mchoro wa bastola akaukunja akautia mfukoni.

"Usibishane, mama. Viza yako imebakiza siku nne."

Nilirudi chumbani kwangu mtaa wa Sanyuanli, nikauchora upya kwa kumbukumbu mara sita kabla ya magharibi. Katika mitatu ncha ya springi ilipinda kulia. Katika mitatu, kushoto. Mwaka uliofuata mpiga chapa wa kitabu alitaka mchoro mmoja. Nikampa wa kulia, na hadi leo sina hakika.