Magauni ya Midoli ya Bibi Marcelina

Bibi yangu Marcelina alimzaa Mjomba Alfonce, akamlea, akamsomesha kwa kulima pamba, na tangu mwaka 1983 mpaka alipokufa hakumheshimu tena.

Tulikuwa tunakaa Mugango. Mjomba alikuwa meneja wa duka moja la ushirika kando ya ziwa. Duka gani? Rafu tupu, makopo mawili ya rangi ya viatu, na yeye nyuma ya kaunta na kalamu mfukoni. Mwaka ule nguo hazikupatikana. Wanawake walikuwa wanaenda Misa kwa zamu, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa na kanga moja ya kutokea. Mama yangu, Esta, alipomzaa mdogo wangu Dorkas, Bibi alimwendea mwanawe kuomba kanga ya kumbebea mtoto.

"Mama, duka tupu," Mjomba alisema. "Hata mimi navaa viraka."

Bibi akarudi, akachana shuka lake.

Sisi wajukuu alikuwa ametutengenezea midoli ya matambara iliyojazwa pamba. Nguo za midoli hiyo alizishona kwa mkono, kwa uzi aliofumua kwenye nyavu kuukuu, na kila gauni lilikuwa na pindo na kifungo. Siku moja Robi, binti wa Mjomba, akaja na doti ya kanga mpya, bado inanuka kiwanda.

"Bibi, mshonee mdoli wangu."

"Umeitoa wapi?"

"Chini ya kitanda cha baba. Ziko nyingi, zimefika mpaka kwenye godoro."

Bibi hakumkemea. Alichukua mkasi akaikata yote. Siku tatu alishona, anakata uzi kwa meno. Yalitoka magauni kumi na moja, akayagawa kwa watoto wa majirani. Jumapili tukaenda na midoli kanisani. Mama Nyamburi, jirani yetu aliyejifunga gunia, akashika gauni la mdoli wangu, akalisugua kwa vidole.

"Kanga mpya hii. Mmeipata wapi?"

"Muulizeni meneja," Bibi alisema.

Jioni Mjomba alikuja mbio. Wakati ule walanguzi walikuwa wanakamatwa nchi nzima.

"Mama, unataka nifungwe?"

"Watoto wa pamba wamepata kanga, mtoto wa Esta alikosa. Toka hapo mlangoni, unaniziba mwanga."

Jumatatu asubuhi akafungua duka, akatangaza kwamba mzigo umefika. Akauza kanga zote kwa bei ya serikali, jasho linamtoka, na wanawake wakapokea bila kumwangalia usoni. Hakufungwa. Kamati ya ushirika ilimwondoa tu, akahamia Bunda.

Biashara binafsi iliporuhusiwa alianza kuuza mitumba, akanenepa, watu wakamwita Mzee. Bibi alimwita "yule wa chini ya kitanda", hata mbele ya wageni. Mwaka 1991, tukiwa tumeshahamia mjini, Nyasho, alikuja na gari la kukodi akamletea Dorkas mdoli wa plastiki wenye nywele za njano. Bibi akaugeuza, akafunua gauni.

"Limebandikwa kwa gundi hili. Mbele nguo, nyuma hakuna kitu. Na wewe ukanunua."

"Ndiyo ya kisasa, Mama."

Dorkas alikuwa ameshaupenda, hakubali utoke mikononi mwake. Bibi akasonya, akachukua kipande cha uzi, akaanza kuupima ule mdoli kiuno.