Jasho la Asanka

Ekua alizaliwa ndani ya moshi. Mama yake, Maame Kakraba, alikuwa mbanikaji wa samaki kule Apam, mji wa pwani, na uchungu ulimkamata msimu wa samaki ukiwa umepamba moto. Akakataa kuondoka tanurini mpaka tabaka la juu la samaki ligeuzwe, na mtoto alipolia kwa mara ya kwanza alikohoa papo hapo. Alikua akinuka samaki shuleni, akanuka samaki kanisani. Mchumba wake wa kwanza, karani wa stoo, alimwambia kwa upole kwamba anampenda sana ila kila akimkumbatia anasikia njaa.

Ndipo akatokea Ras Ebo. Yeye hakusikia njaa, alisikia huruma. Alikuwa mtengeneza ngoma mwenye nywele za kufika kiunoni, na chuo cha ualimu alikiacha katikati kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, Babiloni haiwezi kumfundisha Mwafrika namna ya kumfundisha Mwafrika. Alimwambia Ekua kwamba tumbo lake amelifanya kaburi la viumbe wa Jah. Hakuna mwanamume aliyewahi kulijali tumbo la Ekua kiasi hicho. Akaacha samaki, mayai, maziwa na asali, akapanda naye kilimani nyuma ya mji, kwenye kambi ya Marasta, ambako hakiingii chunguni kitu chochote kilichowahi kuwa na mama.

"Na hizi?" aliuliza siku za mwanzo, akitazama ngozi za mbuzi zilizowambwa juani.

"Hizo za ngoma. Haziliwi, Malkia."

"Kwa hiyo mbuzi akiliwa dhambi, akipigwa sawa."

"Anatoa sifa."

"Mbuzi?"

"Malkia, kapike."

Kupika nako kulikuwa na sheria, na sheria zilikuwa na mwenyewe. Mama Zipora zamani aliitwa Comfort na alikaanga nyama ya nguruwe kwenye stendi ya Takoradi. Toba yake ilikuwa kubwa kulingana na idadi ya nguruwe. Jikoni hakutaka chuma, kwa kuwa chuma ni cha bunduki na pingu. Vyombo vilikuwa vya udongo na mti tu, na udongo haukuguswa na sabuni. Ulisuguliwa kwa jivu na ndimu, basi. Kila bibi arusi wa kambini alipokea kutoka kwa Mama Zipora asanka, lile bakuli zito la udongo mweusi lenye mistari ndani, la kusagia pilipili, majani na kila kitu. Hakutoa mpya hata siku moja.

"Asanka mpya haina akili," alisema. "Hii yako, binti, imelisha kambi nzima. Ilikuwa inasaga karanga wewe ukiwa bado hujaota meno."

Iling'aa kama kiatu cha mchungaji.

Karanga zenyewe zilikuwa kila mahali. Watu wasiokula nyama, samaki, yai wala maziwa hawakosi kajimungu kadogo pembeni, na kilimani kajimungu hako kalikuwa karanga. Supu ya karanga, uji wa karanga, maziwa ya karanga, karanga mfukoni wakati wa maombi. Kwa hiyo Siisi, mtoto wa Ekua na Ras Ebo, alipoanza kuonjeshwa chakula alipewa walichopewa watoto wote pale, uji wa karanga. Midomo ikamvimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, sauti ikakata. Akapona kwa bahati tu.

Nesi wa zahanati ya mjini alisema ni mzio, wa karanga na wa soya pia. "Hata chembe. Safari nyingine huenda usimwahi. Mpe mayai, mpe samaki, hivyo havimdhuru."

"Sisi hatuli mayai, Madam. Wala samaki."

"Basi mnakula nini?"

"Karanga," alisema Ekua.

Ras Ebo aliposikia alicheka. "Mzio ni neno la Babiloni. Tangu lini Mwafrika akakataliwa na karanga?" Lakini ile midomo alikuwa ameiona kwa macho yake, na usiku alikuwa akiweka mkono kifuani pa mtoto kuhakikisha panapanda na kushuka. Akakubali kwamba karanga haziingii nyumbani mwao. Hata yeye mwenyewe aliziacha, akawa na uso wa mjane.

Tangu hapo kazi ya Ekua duniani ikawa moja, Siisi asife. Alimlisha njugu mawe na ndizi mbivu. Alimpa kunde, tui la nazi, mbegu za tikiti alizozimenya mwenyewe kwa kucha, viazi vikuu na majani ya magimbi yaliyopondwa kwenye asanka kwa mawese. Mahindi hakuyapeleka mashineni, maana mashine ile ile ilisaga karanga za mji mzima. Aliyatwanga mpaka viganja vikawa kama nyayo. Watoto wa majirani waliotaka kucheza na Siisi walinawishwa kwanza, na wanawake wakampa jina, Polisi wa Karanga.

"Polisi huyoo! Meza haraka!"

"Afande, nikague! Nimeficha moja kwenye sidiria!"

Alicheka nao, kisha akawanawisha watoto wao.

Pamoja na hayo yote mtoto hakukaa sawa. Karibu kila siku alitoka vipele, akajikuna, kifua kikapiga filimbi. Nesi alikuna kichwa. Mama Zipora hakukuna chochote, alishajua. "Ni damu ya samaki hiyo, binti. Inatoka kwako. Inatafuta mlango."

Ekua akaanza kuwinda. Alishuku tui la nazi, akaliondoa, vipele vikabaki. Akaziondoa kunde, halafu mbegu za tikiti, halafu njugu mawe. Kila alichokiondoa kilimwondoa na Siisi kidogo, mbavu zikahesabika, macho yakawa makubwa kuliko uso. Mwishowe kikabaki chakula kimoja tu alichokiamini kwa moyo wote, viazi vikuu na majani ya magimbi, vya kupondwa ndani ya asanka, asubuhi na jioni.

Jumamosi moja, siku ya ngoma kubwa, Mama Zipora aliingia bila hodi, akambonyeza Siisi mbavu kama anayechagua parachichi.

"Mtoto ana baridi. Na chombo chako kina baridi. Weka asanka juu ya makaa mpaka ishike moto, umpondee humo humo, ale kikiwa cha moto. Moto unasafisha."

"Kweli, Mama?"

"Mimi nimelea wangapi hapa?"

Ekua alikuwa amechoka kubishana na kilima kizima. Tena neno lile la moto unasafisha lilimkaa vizuri. Kama kulikuwa na ubaya wowote ndani ya nyumba yake, basi na uungue. Akatandaza makaa, akaiweka asanka juu yake, akamimina mawese, kitunguu na majani. Udongo ulipopata moto sawasawa, ikapanda harufu ya karanga za kukaanga.

Aliinusa. Hakujidanganya kwamba hakuinusa. Lakini ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi kilima kizima kilipika supu ya karanga. Akainuka akafunga mlango, ili harufu ya majirani isimfikie mwanawe.

Siisi alikula vizuri ajabu. Alilamba vidole.

"Ongeza, Mama."

Akaongeza.

"Mama," alisema baadaye kidogo, akijikuna mdomo, "ulimi umekuwa mkubwa."

Ras Ebo alitolewa kwenye ngoma, akaja mbio. "Lete majani tumfukize! Funga dirisha!"

"Ebo, mtoto anakufa."

"Malkia, usilitamke hilo neno kwenye..."

"Ebo. Toka mlangoni."

Hakuwahi kumwita bila Ras. Akatoka mlangoni.

Ekua alishuka kilima peku, mtoto begani, akisikia ile filimbi ya kifua ikizidi kuwa nyembamba. Barabarani alisimamisha pikipiki ya kwanza. Nyuma yake palifungwa trei za mayai.

"Dada, nimebeba mayai ya watu!"

"Nitayapakata."

"Utayapakata na mtoto?"

"Washa!"

Alizirundika trei mapajani, Siisi juu yake, na barabara ile ina mashimo ambayo hata mbuzi huyazunguka. Walipofika zahanati hakuna yai lililokuwa zima, na Ekua, aliyekuwa hajagusa yai tangu aolewe, alikuwa akidondosha ute na kiini kuanzia kifuani hadi magotini.

Nesi alimchoma Siisi sindano ya paja kabla hajauliza jina. Baada ya muda ambao Ekua hakupenda kuukumbuka, pumzi ilirudi, ikikwaruza kama bawaba yenye kutu. Ndipo nesi akamtazama mama.

"Umempa mayai?"

"Sisi hatuli mayai, Madam."

Nesi akatazama kiini kinachomtiririka kiwikoni.

Kesho yake waliruhusiwa. Ekua alipanda kilima na nguo ile ile, imekauka, inang'aa kama imepigwa wanga. Aliingia moja kwa moja jikoni. Asanka ilikuwa bado juu ya majivu, kama alivyoiacha. Nje yake, upande ambao haukuwahi kuguswa na chakula, palikuwa pametoka matone madogo ya rangi ya dhahabu, kama jasho kwenye paji la uso. Akagusa moja kwa kidole, akanusa.

Akakaa chini.

Alilijua jasho hilo tangu utotoni. Tanuri la mama yake lilitoa jasho kama hilo hata msimu usio na samaki. Liliwashwa tupu, na udongo ukatema mafuta ya samaki wa miaka iliyopita, na Maame Kakraba akasema tanuri linaota ndoto. Ekua alicheka ndoto hizo akiwa na umri wa Siisi. Udongo hunywa. Huyu binti wa mbanikaji alikuwa analijua hilo kuliko mtu yeyote kilimani, na bado asubuhi na jioni, kwa mkono wake, alimsagia mwanawe kwenye karanga za wake wa watu wote waliomtangulia.

Nje walikuwa wameshakusanyika. Walikuwa wameiona nguo.

"Yai," alisema Mama Zipora, bila hasira, kama daktari anayesoma majibu. "Nilisema damu ya samaki itatafuta mlango. Ulimlisha yai, akavimba."

"Ni asanka. Njooni muione. Inatoa mafuta ya karanga."

"Asanka hii imelisha watoto wote hawa. Nani alivimba? Wewe ulivimba, Yoofi? Wewe? Kitu kipya hapa ni yai."

Watoto waliokuwa wakinawishwa na Polisi wa Karanga, wote wamenona, walitikisa vichwa kwamba hawakuvimba. Hoja ilikuwa haina pa kuvunjikia.

"Malkia," Ras Ebo alisema polepole, "niambie tu ukweli. Sitakasirika."

"Mayai yalikuwa ya mtu wa pikipiki."

Mtu mmoja akacheka. "Ya mtu wa pikipiki, eti!"

Ekua akaingia ndani, akarudi na asanka, akaisukuma mpaka ikamgusa mumewe puani. "Nusa."

Ras Ebo alinusa. Alikuwa mtu aliyenyimwa karanga muda mrefu. Hakuna pua kilimani pale iliyokuwa na njaa nazo kuliko yake, na uso wake ulibadilika, Ekua aliuona. Alimtazama mtoto, akawatazama watu, akamtazama Mama Zipora.

"Inanuka udongo," alisema.

Ekua alitaka kuipasua pale pale, lakini mikono ya Mama Zipora ilikuwa na mazoezi zaidi. Aliichukua kwa heshima, akaisugua kwa jivu na ndimu mbele ya watu wote, akaianika juani. Kulikuwa na harusi inakuja. Bibi arusi mwenyewe, msichana mpole mwenye mimba changa, alikuwa akitazama toka kivulini. Ekua alipoondoka na mwanawe na furushi lake alipita kwake, akamwambia yote, mafuta, moto, vipele, ulimi.

Msichana alisikiliza mpaka mwisho. "Pole, dada," alisema. "Lakini mimi sina damu ya samaki."

Sasa Ekua amerudi kwa mama yake Apam, kwenye moshi. Anageuza samaki wa mama yake na hali hata mmoja, na hilo si imani tena, ni ubishi. Siisi sasa anakula samaki, na mayai pia. Chakula chake kinapikwa kwenye sufuria jipya la alumini, jepesi, baya, linalosuguliwa kwa sabuni mpaka linalia.

"Nilikwambia," husema Maame Kakraba. "Sikukwambia? Mtu anakimbia samaki, anakimbilia karanga!"

Mtoto amenenepa kidogo na vipele vimeisha. Sauti tu ndiyo haikurudi yote, amebaki na mkwaruzo wa mzee. Kwa sauti hiyo huuliza kila anapoletewa sahani, kila siku, hata ikiwa ndizi aliyoimenya mwenyewe:

"Mama, hii itaniua?"

Zamani Ekua angesema hapana. Siku hizi anachukua tonge la kwanza, analitafuna mbele yake, analimeza. Anajua halithibitishi kitu, karanga hazijawahi kumdhuru yeye. Siisi hajui hilo. Huweka mikono mapajani, akaikodolea macho midomo ya mama yake, akisubiri kuona kama itavimba.