Tangazo la Kumtafuta Juvénal

Anésie Nibigira alikuwa na miaka hamsini na saba mwaka ule wa 2021 tulipofungiwa ndani kwa sababu ya korona. Aliishi peke yake Smithfield, mtaa wa Sydney huko Australia, katika fleti ya chumba kimoja, na kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Wageni walipokoma kuja Sydney, mashuka nayo yakakoma. Mwisho wa Juni msimamizi akawaambia wafanyakazi warudi nyumbani wangoje kuitwa.

Hakuwa na mtu wa kungoja naye. Mumewe alikuwa amefariki miaka minne kabla. Binti yake, Armelle, alikuwa muuguzi huko Perth, upande wa pili wa nchi, na jimbo lile lilikuwa limefunga mpaka wake. Walionana kwenye simu kila Jumapili. Anésie alimwuliza mjukuu wake kwa Kiswahili amekula nini, mtoto akajibu kwa Kiingereza, kisha akakimbilia katuni zake. Siku zile nyingine sita zilipita bila mtu kumwita kwa jina.

Katika jumuiya yetu ya Wakatoliki tunaosali kwa Kiswahili, mwenyekiti, mzee Balthazar, aliiona hatari ya watu kukaa hivyo. Akatugawa wawili wawili, kila siku saa kumi alasiri mmoja ampigie mwenzake. Anésie akapangiwa Ishmael Kariuki, Mkenya wa miaka thelathini na miwili aliyekuwa akisomea shahada ya juu ya historia, naye alikuwa amefungiwa katika chumba cha kupanga Bankstown, mtaa mwingine wa mji ule ule.

Siku ya kwanza mambo hayakwenda vizuri.

"Habari ya leo, Mama?" Ishmael alisema.

Anésie alikuwa ameishi miaka kumi na miwili katika kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila, kule Kasulu, Tanzania, na huko kijana hamwulizi mtu mzima habari kabla ya kumwamkia. Akanyamaza mpaka Ishmael akadhani simu imekatika.

"Marahaba," akasema mwishowe, ingawa hakuna aliyemwamkia.

Ishmael akacheka kwa aibu. "Shikamoo, Mama. Pole. Kwetu Nyeri hatujaizoea sana."

"Sasa utaizoea."

Baada ya siku tano walikuwa wamemaliza kuulizana walichopika. Basi Ishmael akaanza kumsimulia alichokuwa akikisoma, vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vya miaka mia moja na sitini iliyopita. Baadaye nilimwuliza kwa nini alichagua jambo zito namna ile. Akaniambia hakuchagua, ndicho kitabu kilichokuwa mezani.

"Walipigania nini?" Anésie aliuliza.

"Utumwa, Mama. Majimbo ya kusini yalikuwa na watumwa karibu milioni nne. Alipochaguliwa rais asiyetaka utumwa uenee, majimbo hayo yakaanza kujitenga, moja baada ya jingine, mpaka yakafika kumi na moja. Wapo wanaosema ugomvi ulikuwa wa madaraka tu. Lakini majimbo kadhaa yaliandika yenyewe sababu ya kuondoka, na sababu waliyoiandika ni watumwa."

"Watu wa vita hawaandiki hivyo. Kwetu kila upande uliandika neno amani."

"Hawa waliandika."

Tangu siku hiyo Anésie akawa anakaa karibu na simu kuanzia saa tisa na nusu. Ishmael alimweleza jinsi ngome ya bandarini ilivyopigwa mizinga mwezi wa Aprili 1861, na jinsi watu wa mji mkuu walivyokwenda na magari ya farasi na vikapu vya chakula kutazama pambano kubwa la kwanza, wakidhani vita vitakwisha jioni ile ile. Jioni walikuwa wakikimbia barabara moja na wanajeshi wao.

Ishmael alidhani Anésie atacheka. Hakucheka.

"Sisi tulikimbia kwetu Rutana na sufuria moja," alisema. "Nilimwambia mama mkwe tutarudi kabla maharage hayajakomaa."

Alikuwa na maswali yake mwenyewe, tofauti na ya wanachuo. Ishmael alipomwambia kwamba siku moja ya Septemba, kando ya kijito, watu elfu ishirini na tatu waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, yeye aliuliza waliopotea ni wangapi. Ishmael akapekua kurasa. Kama elfu moja na mia saba.

"Majina yao yaliandikwa?"

"Ya wengine, Mama."

Walipofika Januari 1863, rais alipotangaza uhuru wa watumwa, Ishmael alieleza kwamba tangazo lile liliwahusu watumwa wa majimbo yaliyoasi tu. Majimbo yenye watumwa ambayo hayakujitenga hayakuguswa.

"Kwa hiyo mtumwa wa adui ameachwa huru, mtumwa wa rafiki amebaki?"

"Kwa wakati huo, ndiyo. Lakini weusi wengi walijitoa wenyewe wakaenda upande wa kaskazini. Karibu laki moja na elfu themanini wakawa wanajeshi."

"Hao ndio waliovimaliza," Anésie alisema, kama mtu aliyeviona kwa macho.

Mwezi wa Agosti, wanajeshi wasio na silaha walikuwa wakizunguka na polisi katika mitaa yetu, kuhakikisha waliotakiwa kujitenga wamo majumbani mwao. Asubuhi moja waligonga mlango wa Anésie kwa kukosea namba. Alichungulia kwenye tundu la mlango, akaona nguo za mabakamabaka. Akaingia bafuni, akajifungia, akakaa ndani ya beseni la kuogea lisilo na maji. Wao walikwisha kwenda zamani. Yeye alitoka saa nane mchana.

Saa kumi simu ilipolia, hakungoja kuamkiwa.

"Mdogo wangu alikuwa na nguo kama zile," alisema.

Ndipo akamwambia habari ambayo katika jumuiya yetu, kwa miaka kumi na mitatu, hakuna aliyewahi kuisikia. Mdogo wake aliitwa Juvénal. Mama yao alifariki Juvénal akiwa na miaka sita, Anésie akamlea kama mwanawe, akakimbia naye mpaka Kasulu. Mwaka 1998, Juvénal akiwa na miaka kumi na tisa, watu walipita kambini kwa siri wakitafuta vijana wa kwenda kupigana msituni Burundi. Juvénal akafunga kifurushi.

"Nilisimama mlangoni, nikamwambia, ukienda kwa hao watu, usiniite dada tena. Usinitafute. Naye akanitii."

"Wewe ulimtafuta, Mama?"

"Hapana. Niliogopa nitakachoambiwa. Usipouliza, mtu hafi."

Ishmael akampa pole. Anésie akasema, "Endelea na vita."

Akaendelea. Mji uliozingirwa siku arobaini na saba, watu wakiishi katika mapango na kula nyama ya nyumbu wa mizigo. Kaskazini ikashinda huko, na siku zile zile ikashinda katika pambano la siku tatu huko Pennsylvania. Kisha jeshi la kaskazini likapita kusini likichoma njiani mpaka baharini, na Aprili 1865 jenerali mkuu wa kusini akasalimu amri katika nyumba ya mtu binafsi. Wafu walikuwa zaidi ya laki sita. Kabla mwaka haujaisha, utumwa ulipigwa marufuku kwa katiba, nchi nzima.

"Basi wakarudi nyumbani," Anésie alisema.

"Walioachwa huru hawakuwa na nyumbani, Mama. Mke alikuwa ameuzwa huku, mtoto kule. Walichofanya ni kuandika matangazo gazetini. Jina langu ni fulani, mama yangu aliitwa fulani, mara ya mwisho nilimwona mahali fulani. Waliwaomba wachungaji wayasome makanisani. Waliendelea kutafutana kwa miaka thelathini, arobaini."

"Walipatana?"

"Wachache sana."

Siku iliyofuata Anésie ndiye aliyepiga, saa tatu asubuhi. "Chukua kalamu," alisema. Alilitaja tangazo lake polepole, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, naye Ishmael akaandika herufi kwa herufi. Anamtafuta Juvénal, mwana wa Cesilia, wa Rutana, mwenye kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, aliyeondoka Mtabila mwezi wa tano 1998. Ishmael akauliza amalizie na nini.

"Andika, dada yake anataka amwite dada tena." Akasita. "Hapana. Andika, dada yake anasema aliyoyasema mlangoni ameyafuta."

Mzee Balthazar alilipeleka kwa mapadri aliowajua Burundi na Kigoma, na Ishmael akajaza fomu za shirika linalotafuta jamaa waliopotea vitani. Oktoba tukafunguliwa. Ishmael akarudi chuoni, simu za saa kumi zikawa mara moja kwa wiki, kisha mara moja moja. Kiwanda kikawaita watu. Anésie alikunja mashuka mchana kutwa kando ya mashine zinazonguruma kiasi kwamba hakuna awezaye kuzungumza.

Jibu lilikuja Novemba, sauti ya mwanamke iliyorekodiwa kwenye simu. Aliitwa Arakaza, kutoka Makamba, Burundi. Alisema alikuwa mke wa Juvénal mwenye kovu la moto. Anésie akampigia, wakaongea Kirundi.

Juvénal hakufia vitani. Aliweka silaha chini mwaka 2004, akaoa, akalima mihogo na michikichi. Alifariki kwa ugonjwa wa ini mwaka 2016. Anésie akapiga hesabu. Tangu 2004 hadi yeye mwenyewe alipopanda ndege kuja Australia 2008, mdogo wake alikuwa hai ng'ambo ya mpaka, mwendo wa siku mbili kwa miguu.

"Alijua niko Mtabila?" aliuliza.

"Alijua. Nilimwambia twende. Alisema dada yake alimkataza." Kisha Arakaza akauliza, "Ni wewe uliyemkataza?"

"Ni mimi."

"Hakukukasirikia," Arakaza alisema. "Alisema ulikuwa na haki."

Hilo ndilo lililomvunja moyo, Anésie aliniambia. Angetamani Juvénal amkasirikie.

Kesho yake alikwenda kwa msimamizi wake, mama wa Kivietinamu, akaomba ruhusa ya msiba. Msimamizi alitoa pole, akauliza ndugu yake amefariki lini.

"Miaka mitano iliyopita," Anésie alisema.

Yule mama akamwandikia siku tatu.

Kwetu watu hujaa kwenye msiba, wanalala chini, wanapika uani. Anésie hakumwambia mtu. Alitandika mkeka, akakaa peke yake siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu Ishmael, aliyepata habari kwa mzee Balthazar, ambaye aliandikiwa na mmoja wa wale mapadri, alifika na chupa ya chai na mfuko wa chapati. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuonana ana kwa ana. Ishmael alikuwa mwembamba kuliko sauti yake.

"Shikamoo, Mama," alisema mlangoni.

Anésie akasogea kidogo kwenye mkeka, akamwachia nafasi.